Mdomo wa Tokuzo

Kila anayeanza kazi ya kupaka vyombo rangi ya utomvu wa mti pale Wakasa huwashwa. Mwaka wa kwanza mikono inavimba, wa pili inapoa, wa tatu mwili umezoea na mtu anashika utomvu mbichi kama anashika uji. Ndivyo ilivyo kwa watu wote, isipokuwa Tokuzo. Yeye alijikuna miaka arobaini. Mafundi wenzake walimcheka wakachoka, wakapumzika, wakaanza upya.

Mama Hisae, mwenye karakana, hakucheka sana. Ngozi yake ilishakufa ganzi zamani, hangeweza kujua vijiti vya kulia chakula vimekauka mpaka ndani au juu juu tu. Vilivyokauka sawasawa hata mtoto alambe havimdhuru, lakini vibichi vitamvimbisha mlaji mdomo. Basi kila kundi la vijiti, kabla halijauzwa, Tokuzo alibana kimoja midomoni mpaka birika lichemke. Kesho yake mdomo ukiwa umevimba, kundi zima lilirudi kwenye kabati la unyevu, maana utomvu huu haukaushwi na jua bali na unyevu. Walimtania kwamba anakula mshahara kwa kubusu miti, naye alijivuna kimya kimya.

Majira haya ya kuchipua mjukuu wake, Nagi, alitimiza siku mia, siku ambayo mtoto hugusishwa chakula kwa mara ya kwanza. Tokuzo alimtengenezea vijiti vyekundu kwa mkono wake. Mkwewe, Chigusa, mama wa Nagi, aliviangalia kwa mbali. Huyu alikuja bibi harusi, akapita tu mlangoni pa karakana, kesho yake akaamka na uso uliovimba hata macho hayajulikani yako wapi.

"Baba, una hakika vimekauka?"

"Nilivibana juzi. Tazama mdomo huu. Una neno?"

Mdomo haukuwa na neno. Mwenye neno alikuwa Tokuzo. Wiki ile utomvu mbichi ulimmwagikia kifundo cha mkono, akakaa akiusubiri muwasho, na muwasho haukuja. Miaka arobaini ameuomba umwache, leo umemwacha, na yeye anaogopa. Fundi wa kupaka si yeye tu pale. Mdomo ukifa, atakuwa nani? Hakumwambia mtu.

Siku ikafika. Samaki mwekundu mezani, wali mwekundu, ndugu wamekaa. Mama Hisae, mkubwa wao kwa umri, akachukua vijiti kuvipeleka kinywani mwa Nagi, na mtoto akaachama.

"Subiri," Tokuzo akasema. "Mdomo wangu umekufa. Siwashwi tena. Sijui kama vimekauka."

Chigusa akainuka, akamnyang'anya Mama Hisae vijiti kwa adabu, akavitia vyote viwili kinywani mwake, akakaa navyo mpaka samaki akapoa.

"Kesho tutajua," alisema alipovitoa. "Mtoto hajafa njaa kwa siku mia, hatakufa kwa moja."

Usiku ule Tokuzo hakulala. Asubuhi alikuwa mlangoni kwa mwanawe kabla Nagi hajapewa maziwa. Chigusa akafungua, mdomo laini, mzima. Nagi akala siku ya mia na moja, na wali akautema.

Tokuzo akaenda kuaga karakana. Mama Hisae alikuwa anapanga vijiti kabatini.

"Mdomo wako umekufa tangu theluji," akasema bila kugeuka. "Ulishika utomvu kwa kiganja kizima hukujikuna hata mara moja. Unadhani mimi kipofu? Kila kundi, pamoja na vijiti vya Nagi, nimeliweka kabatini mwezi zaidi, nikisubiri ujitambue, useme."

"Kumbe nilikuwa nabana vijiti bure?"

"Si bure. Chai ilichemka."

Akamkabidhi kifurushi cha vijiti vya kupimwa. "Mpelekee mkweo. Mwambie mshahara upo, akitaka."

Chigusa alitaka, ila kwa sharti kwamba baba akae naye. Basi sasa kila Jumatatu Chigusa anabana kijiti midomoni, na kwa kuwa hawezi kumjibu, Tokuzo anamtania atakavyo huku akichochea birika. Kesho yake, kabla hajanywa hata chai, huja kumtazama mdomo.

Safari moja aliukuta umevimba. Akakaa chini akalia, maana uvimbe ule ulipaswa kuwa wake, na Chigusa, kwa mdomo ule ule, akamwambia kundi lirudi kabatini.