Mtunza Sava wa Thunder Bay

"Toa hiyo runinga ukutani," Lorne alisema. "Miaka tisa natunza sava hii, haijawahi kutaka kupimwa homa kila dakika."

"Sasa inapimwa, mzee," Odette akamjibu. "Na bado hakuna aliyekufa."

Watu wakacheka, na hapo ndipo Lorne alipoumia. Klabu nzima ya Linux, ule mfumo wa kompyuta, tulikuwa tumempa mgongo, kahawa mkononi, tunaikodolea macho ile runinga aliyoitundika Odette kuonyesha hali ya sava, kompyuta kuu ya klabu: joto la prosesa, joto la diski, kasi ya feni, vyote vinabadilika vyenyewe.

Lorne Makela alistaafu kazi ya kiwanda cha karatasi, na nyumbani anaishi peke yake. Kila Jumamosi anashuka huku chini ya ukumbi, anaweka kiganja juu ya sava, anasikiliza feni, halafu anasema, "Mzima." Tulimwamini. Ila siku hiyo, kabla ya chakula, tulikuwa tupige kura nani awe mtunzaji wa sava, yeye au Odette, na Odette ana miezi mitatu tu klabuni.

Lorne akasogea, akagusa mstari wa chini kabisa.

"Nyuzi mia na ishirini na saba. Umeona, binti? Maji yanachemka kwa mia. Unatuunguzia sava huku unatuonyesha sinema."

Uso wa Odette ukaiva. Mtu akasema izimwe haraka. Odette akavuta kibodi, na Lorne nilimwona akitabasamu.

Mimi mstari ule naujua. Bodi za kompyuta za namna ile zina sehemu ya sensa, kile kipimajoto chake, ambayo haijaunganishwa na kitu chochote, basi Linux inasoma upuuzi tu, mwaka mzima namba ileile. Karibu kila mgeni anashtuka nao. Mimi baridi iliyopita nilikimbilia kung'oa waya wa umeme, Lorne akanishika mkono, akanieleza, akanicheka wiki nzima.

Nilimpenda yule mzee. Lakini Odette alishafika kwenye amri ya kuzima.

"Lorne," nikasema, "si uliniambia huo mstari hauna sensa?"

"Dogo, nyamaza."

"Prosesa iko arobaini na moja. Iguse basi, kama kawaida yako."

Hakuigusa. Wote wakawa wanamwangalia yeye sasa, na alivyotamani kuangaliwa asubuhi nzima, sidhani alitaka hivyo.

"Kuna faili ya mipangilio," akamwambia Odette bila kumtazama. "Unaiambia huo mstari iuruke. Mimi sikuandika, nilikuwa naujua kichwani."

"Nionyeshe ilipo."

"Una runinga. Ikuonyeshe yenyewe."

Mwenyekiti akauliza, "Na kura, Lorne?"

"Mpeni huyo. Mshaamua tangu mlipoanza kutazama sinema." Akavaa koti, akatafuta glavu zake mfukoni. "Dada yangu mabomba yake ya maji yameganda kwa baridi tangu alfajiri, ananisubiri."

Akapanda ngazi, na muda si mrefu tukasikia gari lake likiwaka nje.