Siku Tulipokataa Kumsindikiza Mwalimu Agnesi

Asubuhi ile tulikuwa uani kwa mama mkwe wangu, Bibi Perpetua, hapa Kitangari: mimi, mwanangu Stella nikimbeba mgongoni, wifi yangu Mama Danieli, na jirani yetu Mama Fidelis. Ng'ambo ya njia, Mwalimu Agnesi alikuwa ameshafunga masanduku yake.

Mjukuu wangu, nawasikia mkilalamika kwamba chama cha walimu kimewachukulia mwalimu wa watoto wenu. Hata sisi tulisema hivyo. Chama chao na serikali walikuwa wamekubaliana kwamba mwalimu asiye na nyumba ana haki ya kuhamia shule yenye nyumba. Agnesi wetu alilala stoo, yeye na magunia ya korosho na panya. Shule ya Lulindi ikampa nyumba.

Tulimpenda, jamani! Maji ya bondeni tulimpandishia kwa zamu, ndoo yake ikijaa kabla ya zetu. Basi Mama Fidelis akashauri, "Mtu yeyote asimsindikize. Ataondokaje peke yake, kama mwizi?" Kwetu mgeni husindikizwa. Na kweli Agnesi, kwa adabu yake, akakaa juu ya sanduku akitungoja, na gari la Masasi likikaribia kupita.

Bibi Perpetua akatoka jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtoto wa watu mnamwanika juani kwa nini?"

"Tunamzuia, mama," akasema Mama Fidelis. "Nani atawafundisha watoto?"

"Mmemlaza na panya, leo mnamzuia! Mngemjengea angeondoka? Na huyo mwingine akija atalala wapi? Mgongoni kwa Mama Stella?"

Wifi yangu akaangua kicheko. Mama Fidelis akanuna, lakini ndiye aliyejitwisha sanduku kubwa. Tukamsindikiza mpaka barabarani tukiimba, naye akilia. Akatuambia, "Mkijenga nipeni habari. Nitamwambia mwenzangu huku kuna watu."

Kiangazi chote tulifyatua matofali ya nyumba ya mwalimu, na maji yake tukayapandisha vilevile kwa zamu. Akaja Mwalimu Damasi na mkewe, wakakaa mpaka akastaafu. Ndiye aliyemfundisha mama yako Stella kusoma.

Kwa hiyo, mjukuu wangu, usiyachukie makubaliano ya walimu. Kaangalie kwanza mwalimu wenu alikuwa akilala wapi. Mungu awape mikono ya kujenga, na mwalimu awazoee wanenu kama wake.

Na kama sanduku kubwa hakulibeba Mama Fidelis, wajukuu zake mnisahihishe. Mimi nilimwona, na alikuwa bado amenuna.