Shimo Linaloelekea Nyumba ya Mama

Wanafunzi wangu wa Ndhiwa huchukia maswali ya hesabu kuhusu ngazi iliyoegemea ukuta. Huniuliza ni nani huyo asiye na kazi, anayepima ngazi za watu. Zamani nilikuwa nawafokea. Siku hizi sina nguvu hizo, maana swali lenyewe limehamia kwetu Masara.

Mdogo wangu wa kiume anachimba dhahabu uani kwa mama yetu, ambaye ni mjane. Wachimbaji wa kwetu hupima shimo kwa kamba, na urefu wa kamba ndio wanaouita kina. Kamba yake ilikuwa ya mita ishirini na tano, basi akajisifu kwamba ameteremka mita ishirini na tano. Lakini shimo linafuata mshipa wa dhahabu, na mshipa umelala mshazari, ukielekea nyumba ya mama. Sakafu yake ilikuwa imeanza kupasuka.

Nilifunga jiwe kwenye uzi, nikalining'iniza mdomoni mwa shimo kando ya kamba yake, nikapima mwinamo. Kila mita tano za kamba zilikuwa mita tatu kwenda chini na nne kwenda mbele. Pembetatu mraba, ile ile ya ubaoni. Kwa hiyo alikuwa ameshuka kumi na tano tu, na kusonga mbele ishirini. Ukuta wa mama uko mita ishirini na nne kutoka shimoni. Naye huchimba mita moja ya kamba kwa siku.

"Sista, hii shimo inaenda chini," alisema. "Haiendi kwa mama."

"Inaenda chini na mbele pia. Siku tano uko chini ya ukuta wake."

Nikamchorea mchangani. Aliuelewa mchoro, nilimwona usoni. Kisha akasema mawe ya juzi yalikuwa na dhahabu nyingi kuliko yote, hawezi kuyaacha sasa. Mama ahamie nyumbani kwake.

Hasira ilinipanda. Alijua vizuri kama mimi kwamba kwetu Wajaluo mama halali katika nyumba ya mwanawe. Na kwangu, kwa mkwewe, ndio mwiko zaidi. Nimekua na miiko hiyo bila kuuliza; siku hiyo niliichukia yote.

Mama alikuwa mlangoni, amesikia kila neno. Hakugomba na yeyote.

"Nyathina," aliniita, mwanangu, "hiyo ukuta ni gani?"

Nikamwonyesha. Ulikuwa ukuta wa kitanda chake.

Akaingia ndani, nikasikia kitanda kikiburutwa. Nilipomfuata, alikuwa amekifikisha ukuta wa pili, mkabala na ule, anahema, ameketi juu yake.

"Na hapa nimepata siku ngapi?"

Chumba kile kina upana wa mita nne. Jibu lilinijia papo hapo, siku tano nyingine.