Vyungu vya Moshi Vilivyomwaga Maziwa Kitengela

Supa wakuu. Leo naandika kitu nimeishi nacho miaka mingi. Sitaongeza chumvi, kwa sababu hata bila chumvi ni kichungu.

Niliporudi kutoka Uingereza na diploma ya ufinyanzi, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, shemeji yangu alisema sitaweza kamwe kuwaketisha watu wazima wa Kitengela wachezee matope. Jirani akasema diploma ya udongo ni kama diploma ya kupika ugali. Pastor, kwa upole wake, aliniuliza kama hakuna kozi nyingine walikuwa wanafundisha huko.

Nilicheka. Mimi nilijisomesha kwa kuosha vyombo hotelini, hakuna mjomba aliyenitumia hata stempu. Na ile diploma niko nayo, imening'inia sebuleni, mgeni yeyote akiingia anaiona kabla ya kuniona.

Basi nilianzisha class ya raku kila Jumamosi.

Kwa wasiojua: chungu kinatolewa kwenye tanuri kikiwa chekundu kabisa, unakishika na koleo ndefu, unakitumbukiza kwenye pipa la vumbi la mbao na kufunika. Moshi unakitia rangi ambazo hakuna duka linauza. Kuna aina nyingine, horsehair: chungu kisichopakwa rangi kinatoka moto, unakiwekea nywele za mkia wa farasi, zinaungua papo hapo na kuacha mistari myeusi kama mishipa. Nywele nilipewa na jamaa wa Kisaju aliyekuwa na farasi wawili.

Vifaa vilikuwa vya kuazima, nakubali. Mtungi wa gesi ulikuwa wa mama mwenye hoteli karibu na stage. Koleo zilikuwa za fundi wa welding. Matofali yalikuwa ya yule pastor. Na kiwanja kilikuwa cha Mama Naserian, nyuma ya boma lake, upande wa kwenda Isinya.

Huyu Mama Naserian ndiye alikuwa mwanafunzi wangu bora. Wengine walikuwa wake wa walimu na makarani kutoka mkoa wa Western, wapangaji wa mjini, na akina mama wa Kimaasai aliowaleta yeye. Wakuu, walipenda! Waliponiona nikiweka nywele juu ya chungu cha moto, wale wa Kimaasai walitazamana na kucheka. Mmoja akasema kwa Maa kitu ambacho Mama Naserian alinitafsiria: "Anasema Mwalimu alienda mbali sana kusomea kibuyu."

Nilichukua kama sifa.

Ngoja nieleze kidogo. Kwa Wamaasai, kibuyu cha maziwa husafishwa kwa kijiti chenye nywele za mkia wa ng'ombe, halafu kinatiwa kaa la mti wa oloirien ndani ili kishike moshi. Bila hivyo maziwa yanaharibika. Mimi nilijua hayo. Nimezaliwa Kajiado. Lakini sikuwahi kufikiria wao wanaona nini wakiangalia kazi yangu.

Siku ya kwanza niliwaambia vyombo hivi ni vya kutazama tu, haviweki kitu cha majimaji. Wote waliitikia.

Kisha wazee wa upande wa kijana aliyetaka kumchumbia Naserian wakatangaza wanakuja. Mama yake akanialika niketi mbele, Mwalimu kutoka ng'ambo. Nilivaa suti. Kwenye meza, katikati, kulikuwa na kile chungu chake kizuri zaidi, cha horsehair, kimejaa maziwa lala tangu asubuhi.

Nilikiona nikajua kitavuja. Nilitaka kusimama. Lakini wazee walikuwa wameshaanza maombi, na nilikuwa nimetambulishwa kwa heshima kubwa.

Kitambaa cha meza kilikuwa kimelowa mpaka kwenye pindo. Maziwa yalikuwa yanatoka jasho kwenye ukuta wa chungu, yanadondoka chini kwenye vumbi. Mama Naserian alipokiinua kuwamiminia wageni, kilikuwa nusu.

Mzee mmoja wa upande wa kijana akasema polepole, "Chungu kimekunywa kabla ya wageni."

Hakuna aliyecheka. Maziwa chini, siku kama ile, mbele ya watu kama wale, ni mkosi. Walikunywa chai, wakaaga vizuri sana. Baada ya wiki chache wakatuma ujumbe kwamba kijana bado hajawa tayari.

Nilipomuuliza Mama Naserian kwa nini hakukumbuka nilivyosema, hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Mwalimu, chombo kikishapita moshi kiko tayari kwa maziwa. Hiki kilipita moshi nikiona kwa macho yangu. Nikadhani ulikuwa unaongea juu ya vile vingine, visivyopita moshi."

Jumamosi iliyofuata niliwasha tanuri peke yangu. Hakuja mtu. Hata wale wa Western hawakuja. Nikawasha tena wiki nyingine, na nyingine. Nilienda nyumba kwa nyumba, nikapewa chai na story za mvua.

Na bado nasema, sijaona chungu kizuri kama kile, hata kwa walimu wangu wa Uingereza.

Somo, wakuu: ukifundisha watu kazi ya mikono, waulize kwanza mikono yao inajua nini tayari. Kuitikia si kuelewa. Mwenye limempata kama hili aandike hapa chini, hata akinicheka.

Mwisho wake ulikuwa hivi. Nilirudisha mtungi wa gesi ukiwa umejazwa. Nikarudisha koleo. Nikabeba matofali ya pastor kwa mkokoteni, akayahesabu bila kuniangalia usoni. Mwisho nikafagia majivu nyuma ya boma na kusawazisha kiwanja, Mama Naserian akiwa amesimama mlangoni na binti yake. Nikamwambia kiwanja chako hiki hapa. Akajibu asante, Mwalimu.

Siku hiyo hakuna mtu Kitengela alikuwa ananidai kitu. Na hakuna aliyetaka kujifunza chochote kwangu.