Mikono Minne na Mkebe wa Biskuti

Juma lililopita nilikuwa hospitali na mwanangu mgongoni, nikisubiri zamu kwenye benchi ndani ya chumba cha daktari wa watoto. Mbele yangu alikuwa mama mmoja wa Kiseke na binti yake wa miaka minne, asiyeongea wala kugeuka akiitwa.

"Mama mkwe anasema sijamfundisha hata shikamoo," alisema yule mama.

Daktari, dada mpole, aliketi sakafuni. Alitia biskuti kwenye mkebe, akakaza mfuniko, akampa mtoto. Binti alihangaika nao kidogo, kisha bila kumtazama mtu akaushika mkono wa mama yake na kuuweka juu ya mfuniko.

"Nyumbani hufanya hivyo?"

"Kila siku. Ndivyo anavyonipenda."

Daktari alieleza taratibu kwamba hiyo ni mojawapo ya dalili za hali iitwayo otizimu, yaani usonji, kwamba haitokani na malezi mabaya wala uchawi, na kwamba mtoto huutumia mkono wa mtu mwingine kama ufunguo.

Mama aliviangalia vidole vyake. "Kwa hiyo si mapenzi?"

Daktari aliufunga tena mkebe. Alinyoosha mkono wake, akatuashiria mimi na nesi aliyekuwa mezani tunyooshe yetu. Binti aliipita yote mitatu, akauchukua wa mama yake.

"Mikono iko minne, mama. Mwenyewe umeona."

Mama aliufungua mkebe polepole sana.

Mwanangu humpa mkono kila mtu, hata wauza dagaa wa Mkuyuni. Nilimwonea yule mama wivu kidogo.