"Haitoshi": Mchora ramani aliyekataa kuitwa mnakili

Saa tatu asubuhi, mwanamke mwenye kofia ngumu ya manjano anapiga magoti kwenye ngazi mpya ya shule inayojengwa. Anavuta futi, anapima kipandio kimoja, anapima kinachofuata, kisha anagonga zege kwa kidole.

"Hiki kivunjwe," anasema.

Fundi mkuu anakuna kichwa. "Mama, kimezidi kwa sentimita mbili tu."

"Sentimita mbili ndizo zitakazomwangusha mtoto anayekimbilia nje kengele ikilia. Vunja."

Nyundo inaletwa. Hasogei mpaka kipande cha kwanza cha zege kidondoke.

Mafundi wanamwita Mama Futi. Ana miaka arobaini na sita, na kwa miezi mitano sasa ni msanifu majengo mwenye leseni. Kabla ya hapo alichora ramani kwa miaka kumi na tisa katika ofisi ya mtu mwingine. Ukimuuliza kama amefurahi, anakutazama kama umemuuliza upuuzi.

"Nifurahie nini? Nimepewa kilicho changu, tena kwa kuchelewa. Ukirudishiwa kuku wako aliyeibwa, unafanya sherehe?"

Ofisi ile ilikuwa ya msanifu mkongwe ambaye wachoraji wake walimpachika jina la Bwana Muhuri. Wao ndio waliokutana na wateja, wakapima viwanja, wakachora. Yeye aliingia saa tano, akagonga muhuri, akatia sahihi, akaenda zake. Ramani isiyo na muhuri wa mwenye leseni haipokelewi popote, na mwenye leseni pale alikuwa mmoja tu.

Hata hivyo, sheria iliacha mlango wazi. Mchoraji mwenye stashahada na uzoefu wa miaka kumi anaruhusiwa kufanya mtihani wa bodi ya wasanifu, inayotoa leseni: karatasi nne za maandishi, kisha mahojiano mbele ya jopo la wasanifu watano. Sharti mojawapo ni barua ya siri ya msimamizi wake kazini, ndani ya bahasha iliyofungwa, ikieleza kazi anazofanya.

Mama Futi alipoiomba barua hiyo, bosi alicheka. "Leseni ya nini, dada? Kwani hapa unakosa nini?"

Akamzungusha mwaka mzima, nenda leo rudi kesho. Hatimaye akaandika, akafunga bahasha, akaipeleka mwenyewe.

"Nilimshukuru," anasema Mama Futi. "Nilimshukuru kwa mikono miwili. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote."

Nyumbani, maandalizi ya mtihani yaligeuka kazi ya familia. Mumewe, fundi cherehani, alimsomea maswali huku mguu ukiwa kwenye pedali. "Nilifika mahali nikawa najua upana wa mlango wa dharura kuliko kiuno cha wateja wangu," anasema mume huyo, akicheka peke yake. Mkewe hacheki.

Karatasi zote nne alifaulu mara ya kwanza. Kwenye mahojiano akaangushwa. Barua ya bodi ilikuwa na maneno mawili ya sababu: uzoefu hautoshi. Mwaka uliofuata akalipa ada tena, sawa na mshahara wake wa mwezi mmoja na nusu. Akaangushwa tena, kwa maneno yaleyale mawili.

"Nilianza kujitilia shaka. Umechora wodi, umechora shule, umechora soko, halafu unaambiwa huna uzoefu. Unajiuliza, au miaka yote hii nilikuwa naota?"

Mumewe anakikumbuka vizuri kipindi hicho. "Akawa haongei. Chakula anakisogezasogeza tu kwenye sahani. Binti yetu akaniuliza, 'Baba, mama anaumwa?' Nikamjibu, 'Mama yako haumwi. Ameumizwa.'"

Mara ya tatu, jopo lilikuwa na mjumbe mgeni. Huenda hakujua kwamba barua ile ya bosi ni ya siri, huenda hakujali. Aliishika mkononi akaisoma kwa sauti: "'Mwombaji hufanya kazi ya kunakili michoro ninayoiandaa mimi.' Sasa, mama, mnakili anatafuta nini kwenye usanifu?"

Mezani zilikuwa zimetandazwa ramani za wodi ya wazazi. Alikuwa amezichora yeye, kila mstari, na pembeni palikuwa na jina la bosi wake.

"Nilisimama," anasema. "Nikawaambia, zikunjeni hizo ramani. Zikunjeni, mziweke chini. Nipeni karatasi tupu na penseli."

Akaichora wodi nzima kutoka kichwani. Akawaeleza kwa nini nguzo ya tatu imesogezwa: mafundi walipochimba msingi walikuta bomba la zamani la maji. Akawaeleza kwa nini dirisha la chumba cha kujifungulia liko juu: muuguzi mkuu alimlalamikia kwamba wapita njia huchungulia.

"Muulizeni bosi wangu kama anamjua huyo muuguzi," akawaambia. "Muulizeni kama aliwahi kukanyaga pale."

Baada ya dakika arobaini mwenyekiti akasema, "Inatosha, mama."

"Haitoshi," akajibu. Akageuza karatasi, akaanza kuchora soko.

Mjumbe mmoja wa jopo, aliyekubali kuzungumza kwa sharti la kutotajwa, anasema walizikunjua ramani na kulinganisha. "Hakuna nguzo iliyopotea. Tuliona aibu. Au niseme, baadhi yetu tuliona aibu."

Wiki sita baadaye barua ya kufaulu ikafika. Aliisoma akiwa amesimama uani, akamkabidhi mumewe, akaingia jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa safi tayari. Kesho yake akaacha kazi.

"Baada ya yote niliyokufanyia?" bosi alimuuliza.

"Hayohayo ndiyo yanayoniondoa."

Mwandishi wa makala haya alimpigia simu msanifu huyo mara tatu. Mara ya tatu alisema, "Kila ofisi ina utaratibu wake," akakata.

Sasa Mama Futi anafanyia kazi sebuleni kwake, nusu ya meza ikiwa yake na nusu ikiwa ya cherehani. Shule ile ndiyo kazi ya kwanza yenye jina lake. Ameandika malalamiko kwa bodi, nayo itayasikiliza mwezi ujao. Anataka kila mwombaji aonyeshwe barua iliyoandikwa kumhusu kabla haijafika mbele ya jopo.

Amewapata wenzake wawili wa zamani walioangushwa kwa maneno yaleyale mawili. Mmoja bado yuko ofisi ile na anaogopa kutoa ushahidi. "Simlaumu, ana watoto. Nitakwenda peke yangu. Wakinikatalia, nitakata rufaa. Wakikataa rufaa, nitaandika tena."

Wa pili alikata tamaa, sasa anauza rangi za nyumba dukani, na wiki iliyopita alitangaza kuuza vitabu vyake vya mtihani.

"Nimemwambia asithubutu," anasema Mama Futi. "Fomu za mtihani zikitoka nitakwenda dukani kwake na kalamu, na sitaondoka mpaka ajaze."