Mdomo wa Katikati Ulipokauka

Mwaka wa 1953, katika kiwanda kimoja cha sukari nje ya Kisumu, sukari ilipotea mchana kweupe, mashine ikiendelea kunguruma.

Ilikuwa mashine ya kuchekecha, yenye midomo mitatu. Wa kwanza ulitoa punje nene, wa pili punje za kati, wa tatu vumbi.

Siku hiyo mdomo wa katikati ulikauka. Haukutoa hata punje moja.

Aliyekinga magunia pale ni Mama Anyango. Fundi mkuu, Surjit Singh, alimwendea moja kwa moja.

"Mama, sukari umepeleka wapi?"

"Nimeifunga kwenye kitambaa cha kichwa, Bwana. Magunia kumi yote. Hebu pima kichwa."

Watu walicheka. Surjit hakucheka. Akatuma mtu aite polisi.

"Waje," Anyango akasema, akaketi juu ya magunia. "Sitoki hapa kama mwizi."

Mimi nilikuwa nimetoka Makerere juzi tu, Mwafrika wa kwanza kwenye maabara ya kiwanda. Nikasimama mbele yake.

"Bwana Surjit, polisi hawamgusi kabla sijapima."

Anyango akanivuta shati. "Wuod Absalom," akaniita, yaani mwana wa Absalom, baba yangu, "tangu ubadilishe waya asubuhi, mdomo wangu haujatema kitu."

Nikafungua mashine.

Waya mpya za kuchekechea zilikuwa mbili, nyavu za kupangwa moja juu ya nyingine, namba 10 na namba 20. Nilikuwa nimeweka 20 juu. Namba kubwa, matundu makubwa, si ndiyo?

Siyo. Namba ni hesabu ya matundu katika inchi moja. Yakiwa mengi, ni madogo. Punje za kati zilikwama juu, zikatoka pamoja na zile nene. Sukari yote ilikuwa kwenye magunia ya jirani, kwenye mdomo wa kwanza.

Surjit aliona. Akanivuta kando.

"Nyamaza, kijana. Mama mmoja akienda, kesho tunapata mwingine. Wenye kiwanda wakijua ni wewe, hakuna Mwafrika ataingia maabara hii tena."

Alisema kweli, nami nilijua.

Polisi walipofika, nilipanda juu ya magunia, nikakaa kando ya Anyango.

"Hakuna wizi. Aliyekosea ni mimi. Mkitaka kumtoa mtu, nitoeni mimi."

Wenye kiwanda walinitoa maabara. Nikapewa koleo, kule chini kwenye vumbi.

Anyango alibaki kwenye mdomo wake. Kesho yake akanipitia.

"Karibu chini, msomi. Huku tunahesabu polepole."

Nilipiga koleo miezi tisa, na sijutii hata siku moja.

Wewe mwenye cheti, sikia: kosa lako likipata mtu mnyonge wa kulibeba, mnyang'anye. Ni lako.